Nataka Kusoma Teolojia, Historia na Sanaa ya Kanisa Roma: Nianzie Wapi?

Wapendwa wa safu ya ushauri,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, umri wangu miaka 29, sijaolewa. Nina shahada ya kwanza ya ualimu, masomo ya Historia na Kiswahili. Parokiani nafundisha watoto wa kipaimara, na maswali yao ndiyo yaliyonifikisha hapa. Wanauliza kwa nini watakatifu huchorwa na duara kichwani, nani aliamua picha zikae wapi kanisani, na makanisa ya kwanza ya Kilimanjaro yalijengwa na nani, kwa ramani ya wapi. Najibu kidogo, kisha naishiwa.

Nimepania kwenda Roma kusoma. Tatizo ni kwamba nataka mambo matatu kwa pamoja: teolojia, historia ya Kanisa na sanaa ya Kikristo, na sijui kama kuna shahada inayoyabeba yote. Wakala mmoja wa hapa mjini anasema atanitafutia nafasi ya chuo pamoja na viza kwa shilingi milioni tatu na nusu, na kwamba kule wanafundisha kwa Kiingereza, nisihangaike na Kiitaliano. Paroko wangu, ambaye namheshimu sana, anasema vyuo vile ni vya mapadre na watawa. Baba naye anauliza: ukirudi na hicho cheti utafanya kazi gani?

Nina akiba ya shilingi milioni tisa. Binamu yangu anaishi Milano na yuko tayari kunidhamini. Nimefikiria nikifika nifanye kazi za jioni ili nijilipie ada. Sasa tuko Februari, na ningependa kuanza Oktoba hii. Je, inawezekana? Na rafiki yangu, mwinjilisti wa KKKT, anauliza kama kuna njia kwa Mlutheri pia.

Mwalimu wa Historia, Moshi

—

Milele na milele, amina.

Mwalimu, Oktoba hii iache ipite. Miezi minane haitoshi kwa Kiitaliano, wala kwa barua za udhamini, wala kwa karatasi za ubalozini. Anayelazimisha hufika Roma mwezi Novemba, masomo yamekwisha kuanza, na darasani anasikia sauti tu. Lenga Oktoba ya mwaka unaofuata. Una miezi ishirini, na tutakuonyesha kwamba yote ina kazi.

Kuhusu paroko wako: vyuo vikuu vya kipapa vinapokea walei, wanawake kwa wanaume, na shahada wanayopata ni ileile anayopata padre. Ila paroko ana sababu ya kusema alivyosema. Malazi, udhamini na ufadhili wa kule vilipangwa kwa ajili ya padre anayetumwa na askofu wake au mtawa anayetumwa na shirika lake. Mlei huketi darasa lilelile, lakini kitanda, chakula na mdhamini anavitafuta mwenyewe. Mrudie paroko ukiwa na mpango ulioandikwa, maana barua yake ndiyo ya kwanza utakayoihitaji.

Sasa shahada. Watu wengi huanza na viza na nauli kabla ya kujua wanaenda kusomea nini hasa, na huko ndiko fedha zinakopotelea. Shahada za kikanisa zina ngazi tatu: bakalaureati, licensiati na udaktari. Bakalaureati ya teolojia ni miaka mitano, miwili ya falsafa na mitatu ya teolojia. Licensiati ni miaka miwili juu yake. Shahada yako ya ualimu, hata kama matokeo yake ni mazuri sana, haihesabiwi kuwa bakalaureati ya teolojia. Ukiomba licensiati ya teolojia utarudishwa ngazi ya chini, nawe utakuwa na miaka saba mbele yako kabla ya kufika unapopataka.

Kuna mlango mwingine unaokufaa zaidi. Chuo Kikuu cha Kipapa cha Gregoriana, kilichoanzishwa na Mtakatifu Inyasi wa Loyola mwaka 1551, kina Kitivo cha Historia na Urithi wa Utamaduni wa Kanisa. Ndani yake kuna mkondo wa historia ya Kanisa na mkondo wa urithi wa utamaduni, yaani sanaa, usanifu wa majengo, makumbusho na nyaraka. Mwenye shahada ya kiraia ya historia, kama wewe, kwa kawaida hupitia kwanza masomo ya maandalizi, mara nyingi ya mwaka mmoja, ya kujazia misingi ya teolojia na Kilatini, ndipo aingie licensiati ya miaka miwili. Kiasi cha kujazia huamuliwa na kitivo baada ya kuangalia matokeo yako somo kwa somo, kwa hiyo usikisie. Waulize kwa maandishi.

Ushauri wetu ni huo: chukua mkondo wa urithi wa utamaduni, teolojia iwe msingi unaoujazia na historia iwe njia ya kufanyia kazi. Hayo matatu yatakutana humo bila kuyagawa sawasawa. Utajaribiwa pia na Taasisi ya Kipapa ya Akiolojia ya Kikristo, aliyoianzisha Papa Pio XI mwaka 1925. Ni mahali pazuri mno, lakini inadai Kilatini na Kigiriki tangu mwanzo, na inahusu karne za kwanza za Ukristo. Usianzie hapo. Hata hivyo taasisi hiyo huendesha kozi fupi ya utangulizi juu ya mambo ya kale ya Kikristo, ambayo unaweza kuifuata ukiwa tayari Roma.

Na kama moyo wako, ukiuchunguza vizuri, unataka teolojia yenyewe, basi usiende Ulaya kwanza. Nenda Nairobi, kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika ya Mashariki au Tangaza, upate bakalaureati karibu na nyumbani, kwa lugha unayoimudu na gharama inayobebeka. Roma itakuwa ya licensiati.

Wakala wako ana ukweli kidogo kuhusu Kiingereza. Chuo cha Wadominikani, kiitwacho Angelicum, kina mkondo wa teolojia unaofundishwa kwa Kiingereza. Lakini si hicho unachokihitaji. Gregoriana hufundisha kwa Kiitaliano, ingawa mtihani na tasnifu vinaweza kuandikwa kwa lugha nyingine kadhaa kubwa za Ulaya, Kiingereza kikiwamo. Wanafunzi husikia hilo wakadhani wameokoka. Hawajaokoka, kwa sababu mihadhara, vitabu vya rejea, vibao vya makumbusho na makarani wa maktaba vyote vinakusubiri kwa Kiitaliano.

Kwa vipimo vya lugha vya Ulaya, lenga ngazi ya B2, ya mtu anayeelewa na kujieleza vizuri, na usipande ndege ukiwa chini ya B1, ya anayemudu mazungumzo ya kila siku. Kwa anayejifunza akiwa na kazi, saa kumi kwa wiki kwa mwaka mzima humfikisha B1 ikiwa ana mwalimu wa kumsahihisha anapozungumza. Kilimanjaro hakukosi mapadre na masista waliosoma Italia; mwombe mmoja akupe saa mbili kwa wiki za mazungumzo tu. Nairobi kuna Taasisi ya Utamaduni ya Italia. Vyeti vinavyotambulika ni CELI cha Perugia, CILS cha Siena, PLIDA na kile cha Roma Tre. Wengi huongeza kozi ya miezi miwili au mitatu Perugia, kwenye chuo kikuu cha wageni, kabla ya Oktoba. Ukitaka hivyo, ubalozi uujue mpango huo tangu mwanzo ili tarehe za viza zilingane nao.

Matamshi hayatakusumbua, isipokuwa konsonanti zinazokazwa mara mbili, ambazo hubadili maana ya neno. Kitakachokuangusha ni wakati uliopita wa vitabuni, ule wanaouita passato remoto. Kozi nyingi huuacha hadi mwisho kwa kuwa mitaani Roma hausikiki sana, lakini vitabu vya historia vimejaa huo tangu ukurasa wa kwanza. Jifunze vitenzi hamsini vya kawaida katika umbo hilo mapema. Kilatini nacho kianze sasa, nusu saa kila siku. Bila hicho maandishi yaliyo chini ya mozaiki, yaani picha zilizopangwa kwa vipande vidogo vya mawe na kioo, yatakuwa mapambo tu machoni pako, na mara nyingi ndiyo yanayotaja aliyelipia kazi na mwaka wake.

Tuje kwenye kazi za jioni, maana hapa hesabu ni kali. Kiti Kitakatifu kiliingia mwaka 2003 katika Mchakato wa Bologna, mpango wa nchi za Ulaya wa kulinganisha shahada zao, hivyo vyuo vya kipapa huhesabu masomo kwa krediti za Ulaya. Krediti moja ni kama saa 25 za kazi ya mwanafunzi. Mwaka mzima ni krediti 60, yaani saa 1,500. Somo la krediti 3 lina saa 24 za darasani, mbili kwa wiki kwa wiki 12, na saa 51 zilizobaki ni zako na vitabu. Ukizigawa zile 1,500 kwa wiki 40, unapata saa 37 na nusu kila wiki, na hizo ni za mtu anayesoma kwa lugha yake. Kibali cha masomo cha Italia kinaruhusu kazi ya hadi saa 20 kwa wiki, jumla 1,040 kwa mwaka. Anayezitumia zote hufeli mitihani ya Januari na Februari, kisha hupata shida ya kuhuisha kibali kwa kuwa hana masomo aliyofaulu. Saa nane za kulea mtoto au kufundisha Kiingereza zitakulipia nauli na vitabu. Ada zisikae kwenye hesabu hiyo.

Gharama zenyewe ni hizi kwa mwezi: chumba cha peke yako Roma kwa makadirio ya euro 450 hadi 600, chakula cha kupika mwenyewe 200 hadi 250, tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za mjini 35, na weka 40 za simu na fotokopi. Bima ya afya ya serikali kwa mwanafunzi ilipandishwa mwaka 2024 hadi euro 700 kwa mwaka. Kwa hiyo kabla hujagusa ada unahitaji kama euro 10,000 kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Milioni zako tisa ni kama euro elfu tatu. Zitunze, zitalipia nauli, viza, tafsiri za vyeti, amana ya chumba na miezi miwili ya mwanzo wakati hujazoea mji. Fedha nyingine zote unazohitaji lazima ziwe na jina la mtu au taasisi itakayozilipa.

Mdhamini wako wa Milano ni msaada mkubwa ikiwa barua yake itakuwa kamili. Vyuo vya kipapa humtaka mlei alete mambo mawili ya kanisani: barua ya utambulisho kutoka kwa mamlaka ya Kanisa ya nyumbani, na tamko la udhamini linaloitwa presa in carico, linalosema wazi nani atalipia chakula, malazi na matibabu. Tamko la mtu binafsi huhitaji kibali cha askofu wa mahali anapoishi mdhamini. Maana yake binamu yako atalazimika kupeleka karatasi kwenye ofisi za Jimbo Kuu la Milano, na wao watamuuliza paroko wake kama anamfahamu. Kama hajawahi kuonekana parokiani, aanze sasa kujitambulisha. Barua nyingi hukataliwa kwa sababu ndogo: imeandikwa "tutamsaidia" bila kutaja matibabu, au haina kiasi, au taarifa ya benki inaonyesha fedha zote ziliingia wiki moja kabla ya kuombwa.

Ufadhili uombe kupitia kwa askofu. Mashirika ya Kanisa yanayolipia masomo huanza na mapadre na masista, na mlei huingia pale jimbo linapoandika kwamba linamhitaji kwa kazi fulani likaitaja. Ndiyo sababu swali la baba yako ni la kwanza kulijibu, wala si la mwisho.

Mwambie baba hivi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 491, inamtaka askofu awe na hifadhi ya nyaraka za kihistoria jimboni na kuzitunza kwa utaratibu. Kanuni ya 1283 inataka orodha ya mali za Kanisa, zikiwamo zenye thamani ya kiutamaduni. Mwaka 1997 tume ya kipapa inayohusika na urithi huo ilitoa barua nzima juu ya umuhimu wa kichungaji wa nyaraka. Kazi ipo kisheria. Kinachokosekana ni watu waliofundishwa kuitenda. Vitabu vya ubatizo vya kwanza, ramani za makanisa, kalisi, picha za kioo, barua za wamisionari: vingi vinaliwa na mchwa kwenye makabati ya parokia. Nenda kwa askofu na pendekezo la kurasa mbili, kwamba ukirudi utapanga hifadhi ya jimbo na kufundisha historia ya Kanisa seminarini au chuoni, huku ukibaki mwalimu. Kabla ya kuondoka, iulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa maandishi jinsi itakavyoitambua licensiati ya chuo cha kipapa, uweke jibu lao kwenye faili. Wengi huuliza baada ya kurudi, wakati mwajiri anasubiri.

Karatasi zina mtego wake. Chukua cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA, pasipoti, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, shahada na cheti cha ubatizo, uviweke mezani pamoja, usome majina herufi kwa herufi. Kwa Wakatoliki wa kwetu jina la ubatizo mara nyingi lipo kwenye kimoja na halipo kwenye kingine, au majina yamepishana nafasi. Italia hukupa namba ya kodi ya tarakimu na herufi 16 inayotengenezwa kutokana na jina la ukoo, jina lako, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Jina likitofautiana, namba hutofautiana, na benki, bima na chuo vitakutambua kama watu wawili. Rekebisha kwa hati ya kiapo iliyosajiliwa ukiwa bado nyumbani. Kisha vyeti vya shule na chuo vithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje, vitafsiriwe kwa Kiitaliano na mtafsiri anayekubaliwa na ubalozi wa Italia Dar es Salaam, na ubalozi uvithibitishe na kutoa dichiarazione di valore, yaani tamko la thamani ya cheti chako, pale chuo kinapoitaka. Tenga miezi mitatu kwa hilo peke yake.

Chuo kikiridhika hutoa cheti cha uandikishaji wa awali, ambacho hupitishwa na Baraza la Kipapa la Utamaduni na Elimu, ndipo ubalozi ukipokee. Hapa ndipo mawakala wanapokosea sana: wanamwandikisha mtu kwenye mfumo wa Universitaly, ambao ni wa vyuo vya Italia. Gregoriana ni chuo cha Kiti Kitakatifu, na njia yake ni nyingine. Mteja hubaki na risiti isiyo na kazi, na msimu umepita. Chuo chenyewe hujibu barua pepe za mwombaji moja kwa moja. Hizo milioni tatu na nusu ni karibu miezi miwili ya chumba na chakula Roma, kwa hiyo usimpe wakala.

Viza unayoomba ni ya taifa, aina ya D, ya masomo, na ada yake ni euro 50. Ukifika una siku nane za kazi kuomba kibali cha kukaa. Bahasha ya fomu hupatikana bure kwenye ofisi za posta zenye dirisha la Sportello Amico. Kwa kibali cha hadi mwaka mmoja utalipa stempu ya euro 16, malipo ya kibali na kadi euro 70.46, na euro 30 za posta. Utapewa risiti na tarehe ya kwenda polisi kuchukuliwa alama za vidole. Risiti hiyo ndiyo karatasi yako hadi kadi itoke, na kadi huweza kuchelewa kwa miezi. Toa nakala tatu, ya halisi usitembee nayo ovyo.

Chumba usikichukue kwa mtu asiyetaka kuandika mkataba. Anayempa malazi mgeni asiye wa Umoja wa Ulaya anatakiwa kutoa taarifa polisi ndani ya saa 48, na nakala ya taarifa hiyo utaihitaji. Hosteli za masista kwa wasichana ni nafuu na salama, ila uliza saa ya kufunga geti kabla hujalipa, kwa kuwa baadhi ya semina huisha usiku. Kuna pia Lay Centre, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1986 kwa ajili ya walei wanaosoma vyuo vya kipapa. Nafasi ni chache, omba mapema.

Tumeandika sana juu ya karatasi, na sanaa yenyewe inakusubiri. Roma inafundisha kwa miguu kuliko kwa vitabu, mradi uifuate kwa mpangilio. Anza na makanisa matano, kwa tarehe. Santa Pudenziana ina mozaiki ya mnamo mwaka 400, Kristo ameketi kama mwalimu kati ya mitume mbele ya mji. Santa Maria Maggiore ina zile za wakati wa Papa Sisto III, 432 hadi 440. Ukutani ziko juu sana, beba darubini ndogo, la sivyo utaona rangi tu. Santi Cosma e Damiano, jirani na Jukwaa la Warumi, ni ya Papa Felix IV, 526 hadi 530: Kristo anakuja juu ya mawingu mekundu, Petro na Paulo wakiwaleta mashahidi. Sasa ingia Santa Prassede, kazi ya Papa Paskali I, 817 hadi 824. Utaona mpangilio uleule, miaka karibu mia tatu baadaye. Ulinakiliwa makusudi, papa akitaka Roma ya karne yake ijione mrithi wa Roma ya mashahidi. Malizia San Clemente, mozaiki ya karne ya 12, na ushuke chini yake: kanisa la karne ya 4, na chini zaidi mahali pa ibada ya Mithra, mungu wa Warumi wa kale. Yote yako upande mmoja wa mji, unayamaliza kwa siku moja ukiondoka asubuhi.

Jibu la watoto wako wa kipaimara liko hapo Santa Prassede. Duara la nuru lilitumika kwenye sanaa ya Wayunani na Warumi kabla ya Wakristo, kwa mungu jua na kwa watawala. Wakristo walilichukua kwa Kristo kwanza, kisha kwa malaika na watakatifu. Papa Paskali amechorwa ameshika mfano wa kanisa alilolijenga, na nyuma ya kichwa chake pana mraba wa buluu badala ya duara. Mraba ni alama ya mtu aliyekuwa hai picha ilipotengenezwa. Kwa mwanahistoria hiyo ni hati ya tarehe iliyoandikwa kwa mawe.

Mitihani mingi ya kule ni ya mdomo, dakika 10 hadi 15, kutoka orodha ya mada unayopewa mapema. Kwa sanaa huonyeshwa picha na kuulizwa. Waliokariri aya hukwama profesa anapowakatiza, na hukatiza. Jizoeze kusema kwa mpangilio mmoja: ni nini na iko wapi, ya lini, nani aliagiza, imetengenezwa kwa kitu gani, inaonyesha nini, na kwa nini iliwekwa sehemu hiyo ya kanisa. Ukisahau tarehe, taja papa. Ukimtaja papa, karne imepatikana. Makanisa mengi hufungwa mchana hadi saa tisa na nusu au saa kumi alasiri, na taa za mozaiki huwaka kwa sarafu, kwa hiyo mfukoni pasikose senti 50 na euro moja. Jumapili ya mwisho wa mwezi Makumbusho ya Vatikani ni bure kwa kawaida, na foleni ni ndefu. Jumapili ya kwanza ni zamu ya makumbusho ya serikali ya Italia.

Mada ya tasnifu ifikirie kabla hujaondoka, maana mada ndiyo inayoamua nyaraka ziko wapi. Unataka makanisa ya kwanza ya Kilimanjaro? Kilema ilianzishwa mwaka 1890 na Kibosho 1893, zote na Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliotoka Bagamoyo, walikofika mwaka 1868. Hifadhi kuu ya nyaraka zao za Ufaransa iko Chevilly-Larue, karibu na Paris, na barua zimeandikwa kwa Kifaransa kwa mkono. Roma utapata mawasiliano ya maaskofu na Propaganda Fide, idara iliyoanzishwa mwaka 1622, lakini ramani na picha za ujenzi zitafute kwa shirika lenyewe. Kwa hiyo ongeza Kifaransa cha kusoma, au chagua mada iliyo na nyaraka Roma: Wamisionari wa Afrika, tunaowaita White Fathers, wana hifadhi yao Via Aurelia, nayo inahusu Tabora, Ujiji na Bukoba. Piga picha za makanisa ya zamani ya jimbo lako sasa, pima urefu na upana wake, nakili maandishi ya kwenye kengele na mawe ya msingi. Ukiwa Roma hutaweza kuyarudia.

Rafiki yako mwinjilisti ana njia, na haipiti Roma. Nyaraka za Misioni ya Leipzig, iliyofanya kazi Kilimanjaro na Meru, ziko Halle, na huko Ujerumani teolojia ya kichungaji ya chuo kikuu hudai Kijerumani cha juu pamoja na Kiebrania, Kigiriki na Kilatini. Ni safari ya miaka mingi. Anayetaka Kiingereza aangalie KU Leuven, Ubelgiji: kitivo chake cha teolojia ni cha Kikatoliki lakini hupokea wanafunzi wa madhehebu mengine na kina shahada za uzamili kwa Kiingereza. Strasbourg, Ufaransa, kuna kitivo cha teolojia ya Kiprotestanti ndani ya chuo kikuu cha serikali, kwa Kifaransa. Akichagua Ujerumani, ajue ubalozi humtaka aweke fedha za mwaka mzima kwenye akaunti iliyofungwa, anayoruhusiwa kuchota kidogo kidogo kila mwezi. Kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 11,904, na kabla hajaanza Kijerumani azungumze na dayosisi yake juu ya nani atakayeziweka.